Sura ya Sita: Mahindi Yasiyolala

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza kunukia juu ya nyanda za Mbozi, maduka ya pembejeo ya Igamba hujaa maswali. Mbegu hii inatoa gunia ngapi kwa ekari? Inakomaa kwa siku ngapi? Punje zake zina uzito? Halafu linakuja swali ambalo muuzaji mzoefu analisubiri: inalala? Anayeuliza ana picha kamili kichwani. Anaiona Februari au Machi, udongo umelowa hadi chini, mahindi yamebeba, upepo wa usiku mmoja umepita, na asubuhi mistari mizima imelazwa upande mmoja. Hindi linalogusa tope huota au huoza kabla ya kukauka, panya hawahitaji tena kupanda, na kuvuna kunakuwa kazi ya kuinama na kupekua.

Igamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapa familia moja huwa na mahindi, mibuni na maharage, mara nyingi kwenye shamba moja. Kila mmoja wa mimea hii una shida yake ya ugumu. Bua la mahindi linatakiwa liwe gumu kiasi cha kubeba mzigo hadi litakapokauka. Tunda la kahawa linatakiwa lizuie ukungu usipenye. Ganda la haragwe linatakiwa lisipasuke kabla ya mwenye shamba kufika. Katika matatu yote mmea unaimarisha kuta za seli zake, na kiimarishi kinachotumika zaidi ni kimoja, lignini. Nyuma ya lignini zipo jeni zinazoamua iwekwe wapi na lini.

Nasema wapi na lini kwa makusudi. Kwa miaka mingi swali kubwa la wataalamu lilikuwa kiasi gani: tupunguze lignini kwa asilimia ngapi, tuongeze kwa asilimia ngapi. Swali hilo liliwafikisha kwenye mimea iliyodumaa na mashina yanayovunjika, na ndiyo maana sura hii haitalipa nafasi kubwa.

Seli ya mmea, tofauti na ya mnyama, huishi ndani ya ukuta. Ikiwa changa, ukuta wake ni mwembamba na unanyumbulika, la sivyo seli isingekua. Ikishafika ukubwa wake, baadhi ya seli hujenga ukuta wa pili kwa ndani, mnene zaidi, na huo ndio unaofanya mti uwe mti. Aliyewahi kuona nyumba ya kukandika ikijengwa ameshauona ukuta huu. Fito ni selulosi, nyuzi ndefu za sukari zilizopangwa kwa mpangilio. Kamba zinazofunga fito ni hemiselulosi. Udongo unaokandikwa ukajaza kila upenyo ni lignini. Mfano wenyewe unaishia hapo, kwa sababu fundi wa ukuta wa seli hujikandika mwenyewe kwa ndani, na katika mishipa ya maji kazi yake haikamiliki mpaka afe.

Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyetenganisha fito na udongo mwaka 1838. Alichemsha mbao katika asidi na magadi, akabaki na nyuzi nyeupe, na akatambua kwamba kuna kitu kingine kilichokuwa kimezigandia. Kitu hicho kilikuwa kimeshapewa jina la lignini tangu 1813 na mwanabotania wa Geneva, Augustin Pyramus de Candolle. Kazi aliyoifanya Payen maabara ndiyo inayofanyika kwa matani kiwandani Mgololo, wilayani Mufindi, ambako misindano ya Sao Hill hupikwa kwa kemikali kali hadi lignini iyeyuke na nyuzi zibaki. Mfuko wa karatasi ya kahawia unaobebea saruji una rangi ile kwa sababu ya mabaki ya lignini ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaondoa.

Inatengenezwaje? Mmea huchukua asidiamino iitwayo fenilalanini, ileile iliyomo katika nyama na maharage tunayokula, na kuipitisha katika hatua kumi hivi, kila hatua ikiwa na kimeng'enya chake na kila kimeng'enya kikiwa na jeni yake. Mahindi na ndugu zake wa jamii ya nyasi wana njia ya mkato, wanaweza kuanza pia na asidiamino ya tairosini. Mwisho wa njia hupatikana molekuli ndogo za aina tatu kuu. Hizi hutolewa nje ya seli hadi ukutani, na huko vimeng'enya vya lakesi na peroksidesi huzinyang'anya elektroni. Zikishanyang'anywa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, popote zinapokutana, bila ramani. Protini ina mpangilio wake, vinasaba vina mpangilio wake, lakini lignini inajiunga ovyo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: kimeng'enya cha kuvunja vitu hutafuta kiungo kilekile kinachojirudia, na humu viungo vinabadilika kila hatua. Bakteria wengi wa tumboni mwa ng'ombe wanashindwa. Wanaoiweza hasa ni uyoga wa kuozesha miti, nao hufanya kazi hiyo polepole.

Kama uunganishaji wenyewe ni wa ovyo, udhibiti wote unapaswa kufanyika kabla yake. Mmea hauwezi kuisahihisha lignini ikishaganda, wala hauwezi kuibomoa na kuijenga upya. Unachoweza ni kuamua seli ipi iwashe jeni zile, na siku gani.

Tuanze na mishipa ya maji, zailemu. Bomba la zailemu ni safu ya seli zilizokufa, zilizotobolewa kwenye miisho yake na kuunganishwa kutoka mzizini hadi jani la juu. Maji hayasukumwi humo kutoka chini, yanavutwa kutoka juu na majani yanayopoteza mvuke. Saa saba mchana, jua likiwa kali, mvuto ndani ya bua la mahindi unaweza kuzidi mara kumi ya kanieneo ya hewa. Bomba lenye ukuta dhaifu litafyonzwa na kukunjamana kwa ndani. Simon Turner na Chris Somerville walilionyesha hilo mwaka 1997 kwa mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, wa jamii ya haradali: walipata mimea yenye hitilafu katika ujenzi wa ukuta wa pili, na chini ya hadubini mishipa yao ilikuwa imebonyea. Hivyo kazi ya kwanza ya ukuta wa pili ni kunywesha. Kusimamisha ni kazi nyingine, na inafanywa na seli nyingine, nyuzi ndefu zilizojipanga kuzunguka mishipa na chini ya ngozi ya bua.

Nani anaiambia seli iwe bomba? Mwaka 1980 Wajapani wawili, Hiroo Fukuda na Atsushi Komamine, walichukua seli za jani la zinia, ua lile la rangi kali linalopandwa mbele ya nyumba nyingi hata huku kwetu, wakazitenganisha na kuziweka katika maji yenye homoni mbili. Baada ya siku tatu hivi, sehemu kubwa ya seli hizo, ambazo kazi yake ilikuwa kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, zilikuwa zimejijengea kuta za ukanda-ukanda, zimekufa, na zimegeuka seli za mabomba. Jambo hili linanishangaza kila ninapolisoma. Seli ya jani ilikuwa na maelekezo yote ya kuwa bomba ndani yake, na ilingoja tu kuambiwa.

Robo karne baadaye, mwaka 2005, kikundi cha Taku Demura huko Japani kilitangaza jeni zinazotoa amri hiyo. Kilizipata kwa kufuatilia zipi zinaamka katika seli za Arabidopsis zilizokuwa zikigeuka mabomba maabara. Mbili kati yake ziliitwa VND6 na VND7. Protini zake hushika vinasaba mbele ya jeni nyingine na kuziwasha. Ukiilazimisha VND7 iwake katika seli ya jani au ya mzizi isiyohusika kabisa, seli hiyo inageuka bomba. Na amri ya kifo imo humohumo: protini hizi zinawasha jeni za kujenga ukuta, na zinawasha pia jeni za vimeng'enya vitakavyoyeyusha kila kilichomo ndani ya seli, ili maji yapite.

Baada ya mabomba zikaja nyuzi. Kati ya 2005 na 2007, Nobutaka Mitsuda na Masaru Ohme-Takagi huko Japani, na Ruiqin Zhong na Zheng-Hua Ye katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walibainisha jeni nyingine za ukoo uleule. Moja ni NST1, na ya pili waliibatiza kila mmoja jina lake, NST3 kwa wa kwanza na SND1 kwa wa pili, kama ilivyo kawaida ya wanasayansi wanaokimbizana. Jeni zote mbili zikiharibiwa kwa pamoja, mmea unaota, unatoa maua, na mishipa yake ya maji iko salama. Ila hausimami. Shina linainama na kulala.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Kunywa na kusimama, kazi mbili ambazo kwa macho ya mkulima ni kitu kimoja, bua zima, zinaendeshwa na swichi tofauti. Mmea unaweza kunyang'anywa moja na kuachiwa nyingine. Karibu kila jambo litakalofuata katika sura hii linatokana na utengano huo.

Chini ya swichi hizi kuu zipo za daraja la pili, MYB46 na MYB83, na chini yake tena zipo nyingine zinazohusika na lignini peke yake, kama MYB58 na MYB63, ambazo hutambua vipande vifupi vya vinasaba vilivyo mbele ya karibu jeni zote za ile njia ya hatua kumi. Zipo pia breki, mojawapo ni MYB4. Maabara ya Siobhan Brady huko Davis, California, ilichapisha mwaka 2015 ramani ya mtandao huu ikiwa na jeni zaidi ya 200 na mahusiano zaidi ya 600. Ukiitazama unaona nyuzi zilizotatizana, lakini unajifunza jambo moja la maana: njaa ya madini, chumvi na shida nyingine za udongo zina mahali pa kuingilia katika mtandao. Ujenzi wa ukuta unasikiliza hali ya shamba.

Mkulima anayebananisha mahindi anaujua upande wa pili wa habari hii bila kusoma ramani yoyote. Mimea iliyosongamana inapotiana kivuli hukimbilia juu kutafuta mwanga. Bua linarefuka, linakuwa jembamba, na ukuta wa pili unajengwa hafifu. Mbolea ya naitrojeni ikizidi nayo hulirefusha bua haraka kuliko linavyokomazwa. Ushauri wa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kila shimo, una sababu zake nyingi, na mojawapo iko ndani ya bua.

Niongeze tahadhari. Si kila hindi lililolala lina tatizo la ukuta wa seli. Mengine yameng'oka kwa sababu mizizi ya juu, ile inayotoka kwenye vifundo vya chini na kushika udongo, haikushika. Ukiliinua bua nalo ni zima, tatizo ni mizizi na udongo. Likiwa limekatika katikati ya vifundo, hapo ndipo tunapozungumzia kuta. Na kabla ya kulaumu jeni, pasua bua uangalie kama hakuna bungua ndani.

Habari maarufu kuliko zote za lignini na mahindi ilianza mwaka 1924, katika shamba la chuo huko St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Kulikutwa mahindi ambayo uti wa kati wa jani ulikuwa wa kahawia badala ya nyeupe au kijani hafifu. Baadaye zilipatikana aina nyingine za hitilafu hiyohiyo, ya tatu ikitambuliwa mwaka 1935 na kupewa jina la bm3. Kwa muda mrefu zilikuwa alama tu za kuwasaidia wanajenetiki kupanga jeni kwenye kromosomu. Mwaka 1964 Joseph Kuć na Oliver Nelson, wa Chuo Kikuu cha Purdue, walionyesha kwamba lignini ya mahindi haya si ya kawaida. Mwaka 1995 ikajulikana kwamba bm3 ni uharibifu katika jeni ya kimoja kati ya vimeng'enya vya njia ile ya hatua kumi. Lignini katika mimea hii hupungua kwa asilimia kati ya 25 na 40.

Ng'ombe waligundua faida yake haraka. Bua lenye lignini kidogo linamegeka tumboni, mnyama anakula zaidi na kukamua zaidi. Wafugaji wa maziwa wa Marekani hupanda mahindi ya bm3 kwa ajili ya sileji. Mwaka 1978 watafiti wa Purdue walitengeneza hitilafu za namna hiyo katika mtama kwa kutumia kemikali, nazo pia zikaingia kwenye malisho. Hakuna jeni ngeni hapa. Ni jeni ya mahindi yenyewe iliyoharibika.

Basi kwa nini zisiletwe Igamba, ambako ng'ombe huachiwa mashamba baada ya mavuno wale mabua? Sababu ni kalenda. Mahindi ya sileji hukatwa yakiwa bado mabichi, kabla hayajapata muda wa kulala. Mahindi ya Mbozi hukaushwa yakiwa yamesimama, na bua lililoshamaliza kazi yake linabeba hindi kwa wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Mimea ya bm3 huelekea kulala zaidi na kutoa punje pungufu. Imepunguzwa lignini kila mahali kwa mkupuo, kwenye mabomba, kwenye nyuzi, kwenye ngozi ya bua, na gharama yake inalipwa shambani. Mfugaji wa Minnesota anaweza kuilipa. Anayelisha watoto kwa punje zilezile hawezi.

Kuna wanaodhani basi dawa ni kuongeza lignini. Mahindi yenye hitilafu iitwayo bk2 yanawajibu. Jeni iliyoharibika humo, kama ilivyofahamika kati ya 2006 na 2007, inahusika na upangaji wa selulosi. Mmea unaota vizuri kwa wiki nne hivi, kisha majani na bua vinaanza kukatika kwa kuguswa tu. Ulipopimwa, ulikutwa na selulosi pungufu na lignini iliyozidi. Ulikuwa mgumu, na ulivunjika kwa sababu hauwezi kupinda. Upepo wa Machi hauhitaji bua gumu tu, unahitaji bua linalopinda na kurudi.

Njia ya kutokea ilipatikana pale watafiti walipokumbuka kwamba kunywa na kusimama vina swichi tofauti. Mwaka 2013 Dominique Loqué na wenzake, huko California, walichukua Arabidopsis iliyodumaa kwa kukosa kimeng'enya kimoja cha lignini, wakairudishia jeni hiyo chini ya amri ya swichi ya mabomba pekee. Nyuzi zikabaki na lignini kidogo, mabomba yakapata ya kutosha, na mmea ukarudi kukua. Kikundi cha Wout Boerjan, wa Gent, Ubelgiji, kilipata matokeo ya namna hiyo mwaka 2018 kwa jeni nyingine. Katikati, mwaka 2014, maabara ya Clint Chapple ilileta fumbo: ilivunja jeni mbili zisizotengeneza lignini kabisa, zinazosaidia kupokea amri tu, na mmea uliodumaa ukarefuka ilhali lignini yake bado si ya kawaida. Maana yake ni kwamba si udumavu wote unatokana na mabomba kubonyea. Sehemu yake ni mmea wenyewe kuhisi kwamba ukuta una kasoro na kujizuia kukua.

Ulaya na Amerika utafiti huu umeelekezwa zaidi kwenye miti ya popula kwa ajili ya karatasi na nishati. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walipitia kwa kompyuta karibu njia 70,000 za kuhariri jeni 21 za lignini, wakachagua saba tu za kujaribu kwenye miti halisi, na wakapata miti ambayo lignini yake ilishuka hadi karibu nusu. Kwa mahindi ya Tanzania barabara hiyo ni nyembamba. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni, ya kustahimili ukame, yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali iliagiza yasitishwe. Mimi naona kwa suala la kulala hasara si kubwa kama inavyodaiwa. Ndani ya mahindi yenyewe kuna tofauti kubwa za unene wa ngozi ya bua na urefu wa mmea, na wazalishaji wa mbegu wa Uyole, Mbeya, wamekuwa wakichagua mimea inayosimama tangu kabla jina VND halijatungwa. Waliangalia shamba baada ya dhoruba.

Turudi sasa kwa bungua niliyemtaja. Huyu ni kiwavi wa nondo, na katika nyanda za juu anayesumbua zaidi ni yule ambaye jina lake la kisayansi ni Busseola fusca. Mayai hutagwa nyuma ya ala ya jani, viwavi hula kwanza majani machanga kooni mwa mmea, kisha huchimba kuingia kwenye bua. Mimea inayomsumbua huwa na kuta zilizofungwa kwa viungo vya asidi ya feruliki, kitu cha ukoo wa lignini ambacho katika nyasi hushikanisha hemiselulosi kamba kwa kamba. Kuta hizo zinachosha meno na hazimshibishi. Mradi wa IRMA, ulioanzishwa Kenya mwaka 1999 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo, ulitafuta ukinzani dhidi ya bungua kwa kuchagua mahindi yanayowavumilia, sambamba na njia ya kuhamisha jeni ya bakteria. Hapa ugumu unaotakiwa uko kwenye ngozi, na unatakiwa mapema, kabla kiwavi hajaingia. Ukija baada ya hapo unamjengea nyumba imara.

Kwa mibuni, suala la lini ni kali zaidi. Chulebuni, ukungu unaoshambulia buni changa na kuziacha nyeusi zimekaukia tawini, uliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922 na ukasambaa katika arabika ya Afrika nzima. Mwaka 1982 D. M. Masaba na H. A. M. van der Vossen, waliofanya kazi Ruiru, walionyesha namna mibuni kinzani inavyojihami. Ukungu unapopenya, seli zilizo chini yake huanza kugawanyika haraka na kujenga tabaka la gome dogo, kuta zilizojazwa suberini, kitu cha mafuta kinachotumia malighafi za njia ileile ya lignini. Tabaka hilo linauzunguka ukungu na kuufungia nje, kovu linabaki, tunda linaendelea kukua. Mibuni dhaifu nayo hujaribu kujenga tabaka hilo. Inachelewa.

Ukinzani huo unarithiwa kwa jeni chache. Ile yenye nguvu zaidi waliipata katika kahawa ya mwituni iitwayo Rume Sudan, iliyotoka uwanda wa Boma, Sudan Kusini ya leo. Kwa bahati njema tabaka hilo hujengwa hata katika kishina cha mche wenye umri wa wiki chache, kwa hiyo mtafiti hahitaji kungoja miaka mitatu hadi mti uzae. Anapulizia vimelea kwenye miche na kuona ipi inabaki na kovu tu. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ni zao la uchaguzi wa namna hiyo. Upande wetu, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, ina kituo kidogo Mbimba, humuhumu Mbozi, na miche chotara inayokinzana na chulebuni na kutu ya majani imeingia katika mashamba ya wilaya.

Mti huohuo wa kahawa unaweka ugumu mahali pengine kwa ratiba tofauti kabisa. Lile ganda jembamba linalobaki juu ya punje baada ya tunda kumenywa na kuoshwa, linalotoka tu kwa kukobolewa kiwandani, ni kuta za seli zilizokomazwa kabla mbegu haijajaa. Likishakauka halitanuki tena. Ukame ukibana wakati linajengwa, punje inabaki ndogo kiasi cha chumba ilichopewa, na mvua ya baadaye hairekebishi kitu.

Limebaki haragwe. Maharage yanayopandwa mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, hukomaa wakati jua limeshakuwa kavu, na wenye uzoefu hung'oa asubuhi kungali na umande. Saa sita mchana maganda hulia tap, tap, na punje zinaruka. Ndani ya kila upande wa ganda kuna tabaka la nyuzi zenye lignini zilizolala mshazari. Ganda linapokauka, tabaka hilo na lile la nje husinyaa kwa mwelekeo tofauti, kila upande unajikunja kama unavyosokotwa, na mshono unaachia. Kwenye mbegu za mwituni hiyo ndiyo namna ya kusafiri.

Jeni zinazohusika ni za ukoo tuliokwisha kukutana nao. Katika Arabidopsis, NST1 na NST3, zilezile zinazosimamisha shina, ndizo zinazokomaza kuta za ganda lipasuke. Katika soya, mwaka 2014 ilitangazwa kwamba jeni ya ukoo huo, SHAT1-5, hufanya kazi kupita kiasi katika aina zilizofugwa na binadamu, ikinenepesha nyuzi za mshono hadi ukataa kuachia. Mwaka huohuo kikundi kingine kilitaja jeni ya pili ya soya, Pdh1, inayoelekeza lignini iwekwe vipi katika tabaka lile la ndani. Ikiharibika, lignini bado ipo lakini ganda halijikunji kwa nguvu. Mwaka 2020 watafiti wa Davis wakaikuta ndugu yake katika maharage yetu ya kawaida, na nakala isiyopasua ganda wakaikuta kwa wingi katika maharage ya nyanda kavu za kaskazini mwa Meksiko, ambako wakulima wa kale walikuwa na sababu zote za kuichagua.

Upande mwingine wa ufugaji wa haragwe ni yale machanga yanayolimwa Arusha kwa soko la Ulaya, yanayoliwa na ganda lake. Humo tabaka la nyuzi limeondolewa karibu lote, na uzi wa mshononi umeondolewa pia. Ganda la namna hiyo halipasuki hata likikauka, lakini ukitaka mbegu yake utapata kazi, maana linasinyaa na kushika punje na halikubali kupurwa. Mwenye maharage Igamba hawezi kutumia hilo, kama asivyoweza kutumia lile la mwituni. Anachohitaji ni ganda lenye nyuzi zake, linalovumilia jua la saa sita likiwa shambani, kisha likiwa uwanjani nyumbani lifunguke kwa mapigo machache ya fimbo.